Vyombo viko nje, wakili sina: maswali yenu ya nyumba za kupanga

Haya jamani, nilisema safari hii najibu maswali ya mirathi ila mirathi itangoja kidogo, maana simu imejaa makufuli. Kufuli Mbagala, kufuli Tabata, kuna mmoja wa Manzese yeye hakuwekewa kufuli, kang'olewa mlango kabisa, kalala siku mbili na pazia na wanawe. Na karibu wote mwisho wa meseji wanauliza kitu kile kile, anti nahitaji wakili na hela ya wakili sina, ndo basi tena? Sio basi. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba, na zile meseji ndefu sana nimezipunguza, mnisamehe.

Shikamoo anti. Mi nimepanga chumba na sebule Mbagala, nalipa miezi sita sita, nimelipia mpaka mwisho wa mwezi wa nane na risiti ninayo. Sasa mwenye nyumba kaanza maneno kuna mtoto wa dada yake anatoka Tanga anakitaka kile chumba, nikamwambia mzee mbona nina miezi mitatu mbele, akanyamaza. Alhamisi narudi zangu kutoka Kariakoo usiku nakuta kufuli juu ya kufuli langu, vyombo vyote ndani, watoto wako kwa jirani. Mjumbe ananiambia nyumba ya mwenyewe hiyo, we tafuta pengine. Wakili mmoja mjini kaniambia laki tano ya kuanzia. Anti, laki tano ningekuwa nayo si ningepanga kwingine? (Mpangaji wa Mbagala)

Marahaba. Hiyo ya mwisho imenichekesha halafu ikaniuma, maana ndo hesabu ya kila mpangaji wa mji huu.

Tuanze na mjumbe. Mjumbe anapatanisha, anajua nani anakaa wapi, kazi yake njema tu. Kumtoa mtu ndani ya nyumba hana mamlaka hayo, mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye hana, na polisi hawana kama hakuna amri ya baraza au mahakama. Anayemtoa mpangaji kwa lazima ni dalali wa mahakama aliyeshika amri mkononi, na hata huyo anatakiwa akupe notisi kwanza, kwa kawaida siku 14. Mzee na fundi wake na kufuli la dukani hawajafika huko. Ila na wewe usilivunje, tafadhali, nakujua utakuwa na hasira, ukilivunja kesho we ndo unaitwa mshtakiwa wa kuharibu mali na stori yote inageuka. Piga picha, tafuta majirani wawili walioona, nenda serikali ya mtaa hata kama mjumbe kakukatisha tamaa uombe barua ya kueleza ulichokuta, na kama kuna kitu ndani kimepotea au umetishiwa andikisha polisi wakupe RB.

Sasa laki tano. Usiitoe bado. Mlango wa kwanza wa mgogoro kama huu ni Baraza la Kata, na pale wakili haruhusiwi kusimama kwa niaba ya mtu, sheria ya mahakama za migogoro ya ardhi ya mwaka 2002 inakataza kabisa. Kwahiyo hata mzee akija na wakili mwenye suti na briefukesi, wakili atakaa nje kwenye benchi anachezea simu. Ndani mnaingia nyie wawili na risiti zenu, na wewe risiti unayo.

Ila kuna kitu kimebadilika na wengi hawajashtuka. Zamani kata walikuwa wanaamua kesi, mwaka 2021 sheria ikarekebishwa wakabaki na kazi ya kusuluhisha tu, wana siku 30. Mkishindwana wanakupa hati inayosema usuluhishi umeshindikana, na hiyo hati ndo tiketi yako ya kuingia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita na wao wako kimya, unaruhusiwa kwenda wilayani bila hiyo hati. Nawaona watu kila siku wanapanda daladala kwenda kata wiki ya sita, ya saba, wanasubiri hukumu, mwenzangu hukumu kata hawatoi tena! Andika tarehe uliyopeleka malalamiko, uwe na kopi yenye muhuri wao, hesabu siku.

Huko wilayani ndo pa kumtafuta mwanasheria, kwa sababu utataka zuio la muda, yaani amri kwamba mzee asiguse kitu wala asimwingize mtu mwingine mpaka shauri lisikilizwe. Maombi ya zuio yanakwenda na kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia, na kiapo kina masharti yake, nani kaapisha, lini, wapi, nini kinatoka kichwani mwako na nini umesikia kwa watu. Ukikosea kinapigwa chini na hakuna aliyesikiliza hata neno moja la kuhusu kufuli. Nimeshuhudia, nilivyokuwa najitolea msaada wa kisheria Temeke, mama mmoja mwenye haki zake zote maombi yake yametupwa kwa ajili ya mistari miwili. Alivyorudi na karatasi mpya chumba kina mtu mwingine.

Na mwanasheria huyo si lazima awe wa laki tano. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, inasajili taasisi zinazosaidia wasio na uwezo bure. Hapa Dar wako Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, hao wengi mnawajua kama LHRC, wako TAWLA yaani chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, ambao kinamama wengi wa Kinondoni wamepita kwao. Chama cha mawakili, TLS, nao wana utaratibu wa mawakili kujitolea. Utaulizwa kipato chako, utajaza fomu, utasubiri foleni, sikufichi. Wanachoka na watu wanaofika kesho yake ni kesi, kwahiyo wewe nenda sasa hivi wakati kata bado haijamaliza, usingoje upate hati ndo uanze kutafuta. Na ukifika usianze na historia ya mzee na dada zake wa Tanga. Sema nimelipa mpaka mwezi wa nane, nimefungiwa Alhamisi tarehe fulani, hakuna amri ya baraza, risiti hii, picha hii, naomba nisaidiwe zuio. Dakika moja wameshakuelewa.

Anti mambo. Nimeletewa wito wa Baraza la Wilaya, mwenye nyumba anataka nitoke na kuna madai ya kodi ambayo mi nilishalipa. Nafanya kazi ya ulinzi, shifti ya mchana, bosi hanipi ruhusa na wakili siwezi. Mjomba wangu ni mwalimu mstaafu, yuko tu nyumbani, anaweza kwenda badala yangu? (Mlinzi, Kimara)

Poa. Mjomba anaweza! Yaani hiki ndo kipengele nakipenda kuliko vyote na hakuna anayekitangaza. Sheria ile ile ya 2002 inasema kwenye Baraza la Wilaya unaweza kufika mwenyewe, au wakili, au ndugu yako yeyote, au mtu wa kaya yako. Mahakama nyingi haziko hivo. Mwalimu mstaafu ambaye anajua kusoma karatasi na hana haraka, we una bahati kuliko unavyodhani.

Lakini msikilize vizuri. Mjomba anakuwakilisha, hawezi kula kiapo akasema "nililipa kodi tarehe 5", kwa sababu hakulipa yeye. Siku ya ushahidi lazima ufike mwenyewe hata kwa kuomba mwenzio abadilishane shifti. Siku za kutajwa tu, zile za kupangiwa tarehe nyingine, ambazo ndo nyingi na ndo zinachosha, mjomba atatosha. Muandikie barua ya kumteua, aiwasilishe mapema, aende na kitambulisho. Lugha isimtishe, tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndo lugha ya mahakama na mabaraza.

Kuna kitu cha haraka kuliko mjomba lakini. Wito umekuja na karatasi za madai, na wewe unatakiwa ujibu kwa maandishi, kwa kawaida ndani ya siku 21. Angalia wito uliupokea lini. Usipojibu na usipotokea, baraza linasikiliza upande mmoja, na hapa ndo wapangaji wa Dar wanapopotelea kwa maelfu yao, hawajashindwa kesi, hawakwenda tu. Mtu anapokea wito anaukunja anauweka juu ya kabati chini ya Kurani au Biblia kama vile utaondoka wenyewe. Halafu siku moja dalali wa baraza yuko mlangoni na karandinga.

Kama ndo yameshakutokea, wewe au mwingine anayesoma hapa, una siku 30 kuomba ule uamuzi wa upande mmoja uondolewe, ukieleza kwanini hukufika, na sababu iwe ya maana, ulilazwa, wito uliletwa nyumba ya jirani, kitu cha hivo. Ukisikilizwa vizuri na ukashindwa, rufaa Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45. Bosi kukunyima ruhusa sijui kama baraza litaiona sababu nzito, ndo maana nasema tuma mjomba.

Nje ya baraza kuna kaka anakaa na kompyuta ndogo, anasema ni wakili, ananiandikia majibu kwa elfu thelathini na akisimama kwenye kesi laki na nusu. Wakili gani bei hiyo? Ila ana muhuri. (Mwenye mashaka, Ilala)

Mashaka yako yana akili. Muhuri unachongwa Kariakoo unasubiri unakunywa soda.

Wakili wa kweli jina lake liko kwenye orodha ya Mahakama, kuna mfumo wao wa mtandaoni, unaandika jina unaona kama ana leseni ya mwaka huu. Dakika mbili. Muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye rejesta ya mawakili, akianza kuzungukazunguka, oh mi niko chini ya ofisi ya mheshimiwa fulani, huyo ni kishoka. Na kishoka hasara yake sio elfu thelathini tu, karatasi aliyoigonga muhuri wa uongo inaweza kukataliwa yote na wewe muda wako umekwisha.

Usimchanganye na msaidizi wa kisheria. Hawa wamesajiliwa chini ya sheria ya 2017, wengine walimu, wengine kinamama wa mtaani waliopata mafunzo, watakushauri, watakusaidia kupanga karatasi, watakusindikiza. Hawaruhusiwi kusimama barazani kama wakili wako na hawaruhusiwi kukutoza. Akikwambia lete ya soda ya usajili, ondoka.

Mwenye nyumba anasema sina mkataba kwahiyo sina haki, nitoke mwisho wa wiki. Kweli sijawahi kuandikiana naye, namtumia kwa M-Pesa kila mwezi mwaka wa tatu huu. Rafiki yangu anasema sheria inanipa miezi mitatu. (Dada wa saluni, Sinza)

Mwenye nyumba kakosea na rafiki yako naye kakosea, poleni wote.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema mtu akikaa kwenye nyumba analipa kodi bila maandishi, huo ni upangaji wa kipindi, na kipindi chake ni kile unacholipia. Unalipa mwezi mwezi, basi notisi isipungue mwezi, na iishie siku ambayo kodi ingelipwa. Mwisho wa wiki haipo. Miezi mitatu nayo haipo, labda iwe imeandikwa kwenye mkataba, hiyo ya miezi mitatu ni maneno ya vijiweni yamesemwa mpaka watu wakaamini. Wazee wetu wa Ilala na Magomeni watakwambia zamani kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi na Baraza la Nyumba lao, ni kweli, ila ile sheria ilifutwa mwaka 2005. Mzee akikupa ushauri wa upangaji muulize kwanza anazungumzia mwaka gani.

Ushahidi wako ni zile meseji za M-Pesa. Usibadilishe laini, usifute, nenda duka la mtandao wako uombe taarifa ya miamala ya miaka yote mitatu. Meseji za WhatsApp mlizokubaliana kodi pia zinapokelewa, ushahidi wa kielektroniki sheria inautambua tangu 2015, ila uwe na simu yenyewe, siyo skrinishoti tu uliyotumiwa na mtu.

Na kwa wale wenye mkataba wa maandishi, hii nawaibia siri. Mkataba wa pango unatakiwa ulipiwe ushuru wa stempu TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Usipolipiwa, siku ukitaka kuutoa kama kielelezo upande wa pili anasimama anasema mheshimiwa huu haujalipiwa, na unawekwa pembeni mpaka ulipiwe na faini juu. Chumba cha laki moja kwa mwezi hiyo ni elfu kumi na mbili tu. Watu wanashindwa kesi kwa hela ya chipsi kuku.

Dada yangu yuko New York, anasema kule ukipelekwa mahakamani kwa ajili ya nyumba unapewa wakili bure na jiji. Huku kwetu lini? (Bila jina, Kigamboni)

Dada yako hajakudanganya. New York walipitisha sheria hiyo mwaka 2017, wakawa jiji la kwanza Marekani, mpangaji wa kipato cha chini aliyeshtakiwa mahakama ya nyumba anapewa wakili. San Francisco wakafuata 2018 kwa kura ya wananchi. Hata huko kesi zimewazidi mawakili, sio kwamba kila mtu anapata. Sisi sheria yetu ya 2017, mwaka ule ule eti, inakupa nafasi ya kuomba kwenye taasisi, haimlazimishi mtu akupe wakili wa kesi ya nyumba. Kuna ile kampeni ya Mama Samia Legal Aid iliyoanza 2023 na kuna Wiki ya Sheria kila mwisho wa Januari, mawakili wanakaa chini ya mahema wanasikiliza watu bure. Zitumieni. Lini tutafika kwa akina dada yako, muulize mbunge wako, mi naandika gazeti.

Mi sitaki kukudanganya anti, kodi nadaiwa kweli, miezi mitano. Biashara ya mitumba imeanguka. Nataka wakili anisaidie nikae mpaka Desemba. (Baba Wawili, Buguruni)

Asante kwa kusema ukweli, wengi wanaficha hilo mpaka aya ya mwisho.

Wakili hafuti deni. Wapo watakaokuahidi danadana, pingamizi hili na lile, na kweli tarehe zitasogea, lakini kodi inazidi kuhesabika na mwisho unadaiwa miezi kumi na gharama za kesi juu yake. Laki tano ya wakili ni miezi mingapi ya chumba chako? Bora umpe mwenye nyumba nusu yake leo.

Una haki zako hata hivyo. Anatakiwa akupe notisi ya maandishi ieleze deni na muda wa kulilipa, hawezi kukukatia umeme au kuezua bati akushinikize, na hawezi kushika friji lako akasema nalikalia mpaka unilipe bila utaratibu. Akifanya hivo unamshitaki japo unadaiwa. Ila we mtangulie, nenda Baraza la Kata mwenyewe uombe usuluhishi, peleka pendekezo lenye tarakimu, nalipa kiasi hiki kila tarehe hii, nikishindwa mara mbili natoka mwenyewe tarehe fulani. Wazee wa kata hizi kesi wanazipenda na mwenye nyumba naye hana hamu ya mwaka mzima wa baraza. Kama ana moyo atakuachia mwezi mmoja. Mkisaini, ichukue kopi. Usiahidi hela ya mitumba ambayo hujaiuza.

Mimi ni mwenye nyumba. Mbona mnawatetea wapangaji tu? Kuna mtu wangu hajalipa tangu Idi. (Mzee, Tandika)

Shikamoo mzee. Mlango wako ni ule ule, kata, halafu wilaya. Na ndugu yako anaweza kukuwakilisha vile vile, kama una binti aliyesoma mtume. Hilo kufuli ulilokwisha kununua funga banda la kuku.

Anti, mkataba uko kwa jina la mume wangu na mume kaondoka tangu Februari, simu hapatikani. Mwenye nyumba anasema hanitambui, nitoke. Kodi nimeendelea kulipa mimi. (Mama Wawili, Tabata)

Pole sana mdogo wangu. Kama kapokea kodi yako tangu Februari basi kakutambua, mdomo unakataa mkono unapokea. Hizo risiti ziko kwa jina la nani? Kama kaandika jina lako ni nzuri sana, kama kaandika la mume lakini hela imetoka kwenye laini yako, toa taarifa ya miamala. Na hata kama akikimbilia barazani na kumshtaki mume, we ni mtu wa kaya yake, kile kipengele cha mjomba wa Kimara na wewe kinakuhusu, unasimama. Wito ukija kwa jina la mume usiseme haunihusu ukaurudisha. Nenda WLAC wiki hii, usingoje barua nyingine, na suala la mume mwenyewe, matunzo ya watoto, waambie humo humo maana wanayashika yote mawili. Zile picha ulizonitumia ya Machi na ya Aprili nimeziona, ya Februari haisomeki, umeipigia kwenye giza. Ipige tena mchana.